Moto wa Siku ya Sabato

Uvumi ule Drusilla aliupata sokoni Daraja Mbili, siku ya Jumatano, akiwa ameinama kuchagua ndizi. Muuza mboga mmoja, ambaye hata jina lake hakulijua, alikuwa akimwambia mwenzake bila kupunguza sauti kwamba mvua ya Jumapili ilibomoa ukuta kule kwenye mtambo wa maji ya mji. Mahali pa kuchujia pamejaa tope, akasema, na dawa ya kusafishia imekwisha. Sasa maji yanavutwa kutoka mtoni na kusukumwa kwenye bomba hivyo hivyo. Na pale mtoni, juu kidogo tu, ndipo watu wanapooshea ngozi za ng'ombe.

"Kumbe siku hizi tunakunywa supu," mwenzake akajibu, na wote wawili wakaangua kicheko.

Drusilla hakucheka. Alitia ndizi kikapuni, akashika njia ya kupanda Nyanchwa, na uvumi ukapanda naye. Alipojaribu kufikiria mchana atapika nini, uvumi ulimjia. Alipojaribu kufikiria shimizi ya binti yake Gesare iliyochanika, ulimjia. Alipofika nyumbani hakuweka hata kikapu chini. Alifungua bomba la uani, akakinga maji kwenye gilasi, akayainua juani. Yalikuwa maangavu. Akayanusa. Hayakunuka kitu. Akaiweka gilasi dirishani, na jioni alipoitazama tena aliona chini yake utando mwembamba, rangi ya majani ya chai yaliyokwisha kutumika.

Mumewe Jethro, karani katika ghala la mazao, alimsikiliza huku akivua viatu.

"Mama Gesare, wewe paka akikohoa unamwita daktari."

"Angalia gilasi."

"Naona maji."

"Angalia chini."

"Naona udongo wa Kisii. Sote tumeula tangu utotoni, na tumekua." Akacheka, kisha akamtazama mkewe usoni na kuacha kucheka. "Sikiliza. Haya ni maji ya bomba. Yana watu wenye kazi yao. Yangekuwa na kasoro tungeambiwa."

Alijua hofu ya mkewe inatoka wapi. Kabla ya Gesare walikuwa na Josiah. Wakati huo Drusilla aliishi kwenye boma la wakwe zake, Kebirigo, katika nyumba ya mumewe, na Jethro alikuwa mjini peke yake akitafuta kazi. Josiah alipofikisha mwaka mmoja na nusu, masika yakiwa yamepamba moto, alianza kuhara siku ya Jumatatu, na Alhamisi wakamzika nyuma ya nyumba, chini ya migomba. Hakuna aliyesema ni nini. Wengine walisema ni meno. Wengine walisema mama alimwachisha ziwa mapema mno, na neno hilo ndilo Drusilla alilolichukua akaliweka moyoni, akaishi nalo miaka mitano bila kumwonyesha mtu. Jethro alipopata vyumba viwili vya kupanga chini ya kilima cha Nyanchwa, vyenye bomba uani, ilikuwa kana kwamba amemjengea ukuta. Bomba lile ndilo lililomfanya Drusilla alale usiku. Gesare alizaliwa kando ya bomba, akaogeshwa kwa maji yake, na sasa alikuwa na miaka minne, mwenye maneno mengi na magoti yenye makovu.

Ijumaa, karibu na adhuhuri, gari la kipaza sauti lilipita barabarani likiyumba kwenye matope. Sauti ilikuwa ikikatika: "...wananchi wote mnaotumia maji ya bomba... chemsha maji ya kunywa... mpaka mtakapotangaziwa..." Likapita. Kwa hiyo ule uvumi wa sokoni, wote au nusu yake, ulikuwa kweli.

Ajabu ni kwamba Drusilla alijisikia nafuu. Hofu yenye jina inashikika. Alifunga leso kiunoni, akawasha jiko.

Sasa, Ijumaa kwa Msabato si siku ya kukaa. Ni siku ya maandalio. Jua likishatua, Sabato imeingia, na toka hapo hadi jua la Jumamosi litue, moto hauwashwi, sufuria haisuguliwi, kiatu hakipigwi rangi. Chakula cha kesho hupikwa leo, kikafungwa kwenye kikapu na blanketi kuukuu kisipoe sana. Drusilla alipika ndizi, akapika maharagwe, akaandaa uji wa wimbi. Kati ya sufuria na sufuria, akachemsha maji. Yalipotokota aliyaacha yazidi kutokota, akayaipua, akayaacha yapoe na kifuniko juu, kisha akayamimina kwenye nyungu aliyokuwa ameisuuza kwa maji ya moto. Kata ya kuchotea nayo aliitumbukiza kwenye sufuria. Alihesabu kwa vikombe: baba, mama, mtoto, usiku, asubuhi, mchana, jioni. Nyungu ilijaa hadi shingoni.

Jirani yake Bosibori, Mkatoliki mwenye kuuza nguo za mitumba, alisimama mlangoni mwa jiko akitafuna muwa.

"Wewe leo unapikia jeshi?"

"Ni maji."

"Unapika maji! Utayatia chumvi?" Akatema kapi. "Haya, na kesho yakiisha? Mungu wenu si hufunga jiko kwa kufuli?"

"Hayataisha. Nimehesabu."

"Yakiisha njoo kwangu, dada. Moto wangu haujui leo ni siku gani."

Wakacheka. Bosibori alikuwa mtu wa maneno makali na mkono mwepesi wa kusaidia, na Drusilla alilala akijua kuwa, mbaya ikiwa mbaya, mlango ule upo.

Lakini alichohesabu ni vikombe vya watu watatu. Hakuhesabu wageni.

Jumamosi hiyo makanisa ya pande zote yalikuwa yamekusanyika Nyanchwa, na ibada ilipomalizika, Jethro alirudi nyumbani akiwa na baba yake, Mzee Ombui, pamoja na wazee wengine wawili wa kanisa la Kebirigo, watu wazima wenye makoti mazito na Biblia kwapani. Walikuwa wametoka kwao alfajiri. Walikuwa na njaa, na zaidi ya njaa walikuwa na kiu.

Mzee Ombui hakuingia ndani. Hajawahi kuingia. Kwa Wakisii, baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Na mkaza mwana hamsogelei baba mkwe, hampi kitu mkono kwa mkono, hampazii sauti. Heshima hiyo wanaiita chinsoni, na mtoto anayefika mjini haiachi kituo cha basi. Kwa hiyo viti vilitolewa barazani, na Drusilla akawaamkia wageni akiwa mlangoni, macho chini, kisha akarudi ndani kupakua.

Gesare peke yake ndiye aliyekuwa na uhuru. Kati ya babu na mjukuu hakuna chinsoni, ni utani mtupu. Alishapanda magotini.

"Sokoro, mbona masikio yako yana nywele?"

"Ni za kuchuja maneno yako, mke wangu. Ni mengi mno."

"Mimi si mke wako. Wewe huna meno."

"Ndiyo maana nataka mke mwenye meno, anitafunie mahindi."

Wazee wakacheka hadi kofia zikatikisika. Huko ndani Drusilla naye alikuwa akitabasamu, huku akipanga ndizi kwenye sinia, ndipo aliposikia maji yakimwagika.

Alichungulia. Jethro alikuwa amesimama mbele ya wageni na birika, taulo begani, anawanawisha. Aliwamiminia kwa ukarimu, kama mwana mwema anavyomnawisha baba yake mbele ya wazee wa kanisa: mara ya kwanza, mara ya pili, na tena kwa sababu vidole vilikuwa na tope la njiani. Maji yalitiririka kutoka barazani yakaingia kwenye mfereji. Drusilla akageuka kutazama nyungu. Kifuniko kilikuwa pembeni. Akainamisha nyungu. Chini kabisa palikuwa na maji ya kikombe kimoja, labda na nusu.

Jethro aliingia kurudisha birika.

"Baba Gesare," alimnong'oneza, "umechota wapi maji hayo?"

"Kwenye nyungu."

"Ya kunywa? Ya kuchemsha?"

"Sasa ningewanawisha wageni kwa maji machafu?" Kisha uso wake ukabadilika polepole, kama mtu aliyekumbuka kuwa ameacha mlango wazi. "Aa. Drusilla. Sikufikiri."

"Mikono ingenawa maji ya bomba na sabuni. Vinywa ndivyo visivyoyataka."

"Sikufikiri," alisema tena. "Chai hatunywi, uji na maziwa vimeisha asubuhi. Nitawaambia nini?"

"Waambie ukweli. Waambie bomba limeharibika."

"Baba yangu amesafiri toka alfajiri nimwambie nyumba yangu haina maji ya kunywa?"

Drusilla alipita mlango wa nyuma kwenda kwa Bosibori. Mlango ulikuwa na kufuli. Jumamosi, siku ya soko. Bosibori alikuwa kwenye mitumba yake na hangerudi kabla ya jioni. Nyumba nyingine tatu za ua ule ni za Wasabato, na majiko yao yote yalikuwa yamepoa toka jana. Ilikuwa saa nane kasorobo. Jua lingetua saa kumi na mbili na nusu. Akasimama uani akihesabu saa kwa vidole, kama kwamba vidole vingepunguza.

Alikuwa bado amesimama pale aliposikia bomba likifunguliwa.

Mzee Ombui alikuwa amechoka kungoja. Alikuwa mtu asiyependa kusumbua nyumba ya mwanawe. Alipoona maji hayaletwi aliamka mwenyewe, akachukua kikombe cha bati kilichotundikwa ukutani, akaenda bombani. Alijaza, akanywa chote pasipo kupumua. Akajaza tena. Na Gesare, aliyemfuata nyuma, akanyoosha mikono.

"Na mimi, Sokoro."

"Chukua, mama. Kunywa maji ya mjini."

Kikombe kilishuka mpaka usawa wa mdomo wa mtoto.

"Usimpe!"

Drusilla hakujua kuwa sauti ile ni yake. Iligonga ukuta ikarudi. Alikuwa ameshavuka ua, alikuwa hatua moja kutoka kwa baba mkwe wake, karibu kiasi cha kusikia pumzi yake, na mkono wake ulikuwa umekwisha kukikamata kikombe toka mkononi mwa mzee, mkono kwa mkono. Maji yakawamwagikia wote wawili. Gesare alikuwa na midomo iliyolowa.

"Umemeza?" Drusilla alipiga magoti. "Gesare, niambie mama. Umemeza?"

"Kidogo," mtoto akasema, akaanza kulia, si kwa sababu ya maji bali kwa sababu ya uso wa mama yake.

Barazani wale wazee wawili walikuwa wamesimama. Mmoja alivua kofia, akaivaa tena. Jethro alikuwa mlangoni na sinia ya ndizi, hajui aiweke wapi.

Drusilla alimbeba mtoto, akaingia jikoni, banda la mabati lililo nyuma ya nyumba. Alimketisha Gesare kwenye kigoda, akampa kile kikombe kimoja kilichobaki kwenye nyungu. Kisha akavuta jiko katikati. Akapanga makaa. Akiwa bado na gauni lake jeupe la kanisani, akachukua kibiriti.

Njiti ilipowaka, kila mtu uani aliisikia.

"Mama Gesare," Jethro alisema kutoka nje, taratibu, si kwa hasira. "Ni Sabato."

"Najua ni Sabato."

"Wazee wapo."

"Nawaona. Na mtoto namwona. Atataka maji tena kabla jua halijatua, Jethro, na watu wazima watatu nao watataka. Nitawapa nini? Niwape yale ya bombani, halafu jioni nimwombe Mungu anisaidie?"

Sauti ya mzee mmoja ikasikika toka barazani, nzito: "Maandalio hufanywa Ijumaa, mama. Siku sita tumepewa."

Drusilla alitaka kujibu kwamba alifanya maandalio, kwamba yamemwagwa kwenye vidole vyao. Akainamia jiko. Machozi yalikuwa yakidondoka kwenye makaa na kufuka. Alijua kuwa kabla ya kesho kutwa Kebirigo nzima ingekuwa imesikia: mke wa Jethro alimpokonya baba mkwe kikombe, akawasha moto wa Sabato mbele yake. Alipepea. Kama ni aibu, basi na iwe aibu iliyochemka.

Hapo akasikia hatua nje ya banda, na fimbo ikigonga chini. Zikasimama upande wa pili wa mabati, karibu na mlango lakini si mlangoni. Kwa ufa akaona mgongo wa koti jeusi. Baba mkwe wake alikuwa amesimama, amegeuzia jiko mgongo, uso kuelekea baraza.

"Mke wa mwanangu," alisema Mzee Ombui. Alizungumza kana kwamba anazungumza na hewa, kama chinsoni inavyotaka. "Nisikilize tu. Usinijibu."

Drusilla aliacha kupepea.

"Masika yale, Jumapili, ulikuwa umekwenda kuchuma pareto. Uliniachia yule mwingine."

Hakuwahi kumtaja Josiah tangu siku ya maziko. Hata mara moja.

"Alishikwa na kiu. Alilia sana. Mtungi wako ulikuwa ndani ya nyumba, nami nilijua upo ndani, na maji yake ni ya chemchemi. Mlango ulikuwa wazi. Nilifika mpaka kizingitini." Fimbo ikagonga chini. "Baba haingii nyumba ya mwanawe. Nilisimama pale, mtoto mkononi, mtungi nauona. Nikarudi nyuma. Nikashuka naye kijitoni, pale ng'ombe wanaponyweshwa. Maji yalikuwa mekundu kwa mvua. Nikampa kwa kiganja changu. Kesho yake akaanza."

Makaa yalikuwa yameshika. Drusilla alikuwa ameshika upepeo wa jiko kifuani kwa mikono miwili.

"Waliposema ni ziwa, nilinyamaza. Nilikuacha uchukue wewe. Miaka hiyo yote nimekuacha uchukue wewe." Sauti yake ilikatika, akakohoa kuiunga. "Siku ile nilishika heshima, nikampoteza mtoto. Mlipohamia kwenye bomba nilifurahi, nikasema hapa hakuna kosa. Kumbe hata bomba. Basi washa, mama yangu. Washa moto. Mimi nasimama hapa. Anayetaka kuuzima ataanza na mimi."

Kisha, kwa sauti kubwa, akawaambia wale wenzake barazani: "Ndugu zangu, kaeni chini, mle chakula. Ng'ombe akitumbukia shimoni siku ya Sabato mnamtoa. Huyu ni mtoto."

Viti vilisikika vikikaliwa.

Drusilla alilia pale kwenye kigoda bila kutoa sauti, na kilio hicho hakikufanana na vilio vyake vya miaka mitano. Gesare alimpanguza shavu kwa kiganja chenye masizi, akamwachia alama nyeusi hadi kidevuni.

"Sokoro," mtoto akaita kupitia ufa, "mama analia lakini anapika."

"Ndivyo wanavyopika wengi, mke wangu," babu akajibu. Kisha akauliza, akiwa bado amegeuka: "Muulize mama, maji yanaivaje? Ndizi naijua imeiva. Maji nitajuaje?"

"Mama, maji yanaivaje?"

"Mwambie Sokoro," Drusilla alisema, na sauti yake ilitoka imekwaruza, "kwanza yanatoa vijipovu pembeni. Hayo bado. Halafu yanalia. Hayo bado. Mpaka yaruke katikati, mapovu makubwa, yaruke bila kukoma, kwa muda wa wimbo mmoja wa kanisani, beti zote."

"Beti zote, Sokoro!"

"Nimesikia."

Na maji yaliporuka, Gesare alipopiga kelele kuwa yanaruka, Mzee Ombui alianza kuimba, polepole, kwa sauti yake ya chini iliyochakaa, mgongo ukiwa kwenye mabati. Jethro akaitikia. Kwenye ubeti wa tatu, wale wazee wawili, ambao hawakuwa wamepatana na moto ule na pengine hawajapatana nao mpaka leo, waliitikia pia, maana wimbo walikuwa wanaujua. Ulipokwisha, Drusilla aliipua.

Usiku ule Drusilla hakupata usingizi. Alilala na mkono tumboni mwa Gesare, akingojea. Jumapili ikapita. Jumatatu ikapita, siku ileile ambayo Josiah alianza. Gesare alikula, akachafua magoti, akauliza maswali. Alikuwa amemeza kidogo tu, au tumbo lake lilikuwa gumu, au Mungu alitazama. Drusilla hakutaka kujua ni lipi.

Aliyeugua ni Mzee Ombui. Alikuwa amebaki mjini kumtembelea ndugu yake, na Jumanne akaanza kuhara damu na kutetemeka kwa homa, akaletwa kwa Jethro. Hakuweza kulala kwa mwanawe, kwa hiyo Alfayo, kijana wa kanisa asiyeoa aliyepanga chumba cha mwisho uani, alimpa kitanda chake, yeye akalala kwenye mkeka. Hospitali walimpa dawa na kusema anyweshwe sana, maji yaliyochemshwa tu, na uji mwepesi.

Drusilla alichemsha. Siku tano aliamka kabla ya ndege akachemsha, akapoza, akachuja uji wa wimbi kwa kitambaa kilichochemshwa pia. Hakuingia kwenye chumba kile, wala hakuhitaji. Alikaa jikoni mlango wazi, na Gesare alibeba kikombe kwa mikono miwili akavuka ua hatua kwa hatua, ulimi nje, asimwage.

"Kunywa, Sokoro. Haya yameiva."

"Yameimbiwa?"

"Mama ameimba. Mimi nimeitikia."

"Beti zote?"

"Nimesahau moja. Lakini nimeimba ya kwanza mara mbili."

Na huko jikoni Drusilla alimsikia mzee akicheka, kicheko dhaifu kinachoishia kwenye kikohozi, halafu sauti ya mtu anayemeza, funda baada ya funda. Kila alipokisikia kikombe kikiwekwa chini, kitupu, alipumua.

Siku ya sita alisimama mwenyewe, amekonda, suruali imemshuka. Kabla ya kwenda kupanda basi alikaa kwenye kiti barazani, akaomba karatasi na kalamu ziletwe, akampa Gesare azipeleke ndani.

"Mwambie mama," alisema, "yeye amesoma hadi darasa la saba, na wanawake wengi kwetu hawajasoma, lakini nitawasomea mimi kanisani. Wanakuja sokoni huku kila wiki, wanakunywa bombani kama nilivyokunywa. Na huko nyumbani kijito kipo. Aandike. Ya kufanya asiandike, ni mengi, watu husahau. Aandike ya kukatazwa. Ya kukatazwa watu hukumbuka."

Drusilla aliinama mezani. Jethro alitaka kumsaidia maneno, akakataa. Kupitia mlango ulio wazi alimwona baba mkwe wake amekaa ameupa mlango mgongo, anangoja, fimbo kati ya magoti, naye hakuwa na haraka. Akaandika hivi:

Usinywe maji ya bomba, ya mto wala ya mvua ya mfereji kabla hayajachemka, hata yakiwa maangavu.

Usiyaipue yanapolia. Ngoja yaruke katikati kwa muda wa wimbo mmoja.

Usiyapoze kwa kuongeza maji mabichi.

Usiyarudishe kwenye mtungi usiosuuzwa kwa maji ya moto.

Usitumbukize kikombe wala mkono kwenye mtungi. Chota kwa kata yenye mpini, na kata usiiweke chini.

Usisuuze kwa maji mabichi kikombe cha mtoto, kibuyu cha maziwa, wala chupa.

Usioshe kwa maji mabichi tunda linaloliwa na ganda lake.

Usinawishe wageni kwa maji ya kunywa. Mikono inawe ya bomba na sabuni, ikaushwe kwa kitambaa safi.

Usihesabu maji ya watu wa nyumbani peke yao.

Usimwache mtoto mdogo na mtu asiyeweza kuufikia mtungi. Mtungi ukae nje, penye kivuli, umefunikwa.

Usiogope kuwasha moto, siku yoyote.

Usimlaumu mama kabla ya kuuliza mtoto alikunywa nini.

Usiache kuchemsha kwa kuwa siku tatu hujaona mgonjwa. Ngoja watangaze.